Imetumwa Si Imepokelewa

Haya, nimerudi. Nimekuwa kimya wiki tatu, kazi zimenikaba, na leo sina msimbo wa kuwaonyesha. Leo nina ugomvi.

Jumamosi nilikuwa Thika kwenye kikao cha waandishi wa programu. Vijana wanne wakaonyesha programu ya simu ya kuwaokoa wavuvi wa Pwani. Mashua ikipata shida, mvuvi anabonyeza kitufe chekundu, mahali alipo panatumwa, kwisha. Ukumbi ukapiga makofi. Nikauliza swali moja tu: panatumwa kwa nani? Wakatazamana. Mmoja akajibu, "Kwa seva." Watu wakacheka, wakadhani nimejibiwa.

Jamani, seva haina mashua.

Kabla hamjaniita mpinga maendeleo, nikiri dhambi yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilimwandikia mteja mmoja hapo Thika programu ya kulinda chumba chake baridi cha maziwa. Joto likipanda, ujumbe mfupi unatumwa. Usiku mmoja wa Jumapili joto likapanda, na programu ikafanya kazi yake barabara. Asubuhi maziwa yamechacha. Nilipofungua kumbukumbu za seva nikakuta neno moja limejirudia mara kumi na mbili: imetumwa. Simu iliyotumiwa ilikuwa imeisha chaji. Kila mstari ulikuwa wa kweli, na maziwa yalimwagwa yote.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja, jirani yangu huku Ruiru, aliyekuwa opereta wa redio ya meli kule Mombasa. Kituo chenyewe, Mombasa Radio, mabaharia walikijua kwa herufi zake za mwito, 5ZF. Nilipomsimulia kisa cha maziwa hakucheka. Aliniuliza, "Sasa kijana, nani alikujibu R?"

R katika alama za Morse ni nukta, mstari, nukta. Maana yake: nimepokea. Meli ikiita SOS, aliyeisikia hutaja mwito wa meli ile, hutaja wake mwenyewe, kisha hugonga RRR SOS. Mpaka herufi hizo zisikike, aliye hatarini anaendelea kuita, kwa sababu kwake yeye hakuna kilichofanyika bado.

Utaratibu wa zamu ulilipiwa kwa roho za watu. Usiku wa 14 Aprili 1912, Titanic ilipogonga barafu, meli ya Californian haikuwa mbali, na redio yake ilikuwa nzima. Lakini opereta alikuwa mmoja tu, na dakika chache kabla ya ajali alikuwa amezima mitambo akaenda kulala. Watu zaidi ya 1,500 walikufa. Mtambo ulikuwepo; sikio ndilo halikuwepo. Januari 1914 mataifa yakaandikiana mkataba wa usalama baharini huko London, na zamu ya kusikiliza ikawa sehemu yake.

Tazameni pia ile saa ya ukutani ya chumba cha redio. Ilipakwa vipande viwili vyekundu, dakika ya 15 hadi 18 na ya 45 hadi 48, na viwili vya kijani, 0 hadi 3 na 30 hadi 33. Dakika hizo watu wote walinyamaza: nyekundu kwenye masafa ya kHz 500 ya Morse, kijani kwenye kHz 2182 ya sauti. Walinyamaza ili mwito hafifu wa mtu aliye mbali usikike. Programu zetu sisi hazinyamazi hata sekunde.

Na msiniambie haya ni mambo ya Atlantiki. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kushambulia Colombo mwezi Aprili, kikosi cha Uingereza cha kunasa na kufumbua mawasiliano yao kilihamia Mombasa, katika shule ya Allidina Visram. Mawimbi yalifika dhaifu, wakasikiliza hivyo hivyo. Septemba Wajapani wakafanya kosa lililowapa wafumbuaji fununu, na kufikia Novemba msimbo wa meli za biashara, JN-40, ulikuwa unasomeka. Kosa lile lisingemfaa mtu kama hakuna aliyekuwa zamu kulinasa. Wanafunzi wetu wanaijua Bletchley Park. Shule ya Mombasa nani amewatajia?

Mtasema dunia imebadilika. Kweli. Tarehe 1 Februari 1999 mfumo wa dharura wa GMDSS ulianza kutumika kikamilifu, na opereta wa Morse akashuka melini. Simlilii. Lakini hata mfumo huo haukuishia kwenye mashine. Nyuma yake kuna vituo vya kuratibu uokoaji, na cha kanda yetu kilifunguliwa Mombasa mwaka 2006. Tatizo ni kwamba GMDSS inabana meli za abiria, na za mizigo za kuanzia tani 300, zinazosafiri kimataifa. Mashua ya mvuvi wa Kipini haimo humo.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mvuvi huyu ndiye asiye na mtu wa kumsikiliza, nasi tunampelekea kitufe. Asiye na kitufe akiona wingu hurudi. Mwenye kitufe anaweza kujipa moyo aende mbele kidogo, na huko mbele mtandao wa simu umekwisha.

Kwa hiyo, vijana wangu wa Thika, kabla ya kupaka kitufe rangi, pandeni basi mwende Mombasa. Ulizeni nani atapokea mwito wenu saa tisa usiku, kusi ikivuma. Mkipata jibu, fanyeni jambo moja zaidi: skrini isimwambie mvuvi lolote la kumtuliza mpaka mtu mwenye jina awe amejibu.

Ile programu ya maziwa niliiandika upya. Sasa inapiga simu, na mtu asipobonyeza tarakimu ndani ya dakika tano inampigia wa pili, halafu wa tatu. Mzee akaniuliza wa tatu ni nani. Ni mimi. Simu yangu inalala kwenye chaji.

Maoni yaandikeni hapo chini, hata matusi. Nitajibu kila moja, ikibidi kwa R tu.