Mtandaoni, mteja ndiye anayekopesha

Wafanyabiashara wa Kariakoo wana neno lao la siku nyingi: mali kauli. Mwenye duka la jumla anakupa mzigo bila kupokea hata senti, unakwenda kuuza, ukishauza unarudi kulipa. Anachobaki nacho yeye ni kauli yako tu. Ndiyo maana hampi kila anayepita dukani. Anampa anayemjua, au anayedhaminiwa na mtu anayemjua, na akishadhulumiwa mara moja habari hufika mtaa mzima kabla ya adhuhuri. Sasa tazama kinachotokea kwenye biashara ya Instagram na WhatsApp. Mama aliyeko Sumbawanga anaona picha ya dera, analipenda, anatuma fedha kwa simu pamoja na nauli ya mzigo, kisha anakaa kusubiri. Mkononi hana dera, hana risiti ya duka, ana ujumbe wa muamala peke yake. Kwa siku mbili tatu hizo mali kauli imegeuka kichwa chini miguu juu: mteja ndiye mkopeshaji na muuzaji ndiye mdaiwa. Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu kufanya biashara kwenye mitandao ya kijamii unapotoka kwa kusahau jambo hilo. Unamfundisha muuzaji kukusanya watazamaji, wakati anaowahitaji ni watu walio tayari kumkopesha.

Kukopeshana kwa mbali si jambo jipya katika pwani hii. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Zanzibar na Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji iliendeshwa kwa mkopo. Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, alimpa mfanyabiashara wa misafara Tippu Tip bidhaa za kwenda nazo bara, na malipo yalirudi kwa pembe za ndovu baada ya muda mrefu mno. Biashara ile ilikuwa na damu na minyororo ndani yake, na hakuna sababu ya kuipamba. Lakini inaonyesha kwamba mtu anaweza kutoa mali yake ikaenda mamia ya maili, mahali ambapo hakuna polisi wala hakimu wa kumsaidia, ikiwa aliyepewa anajua kwamba jina lake likichafuka Unguja hatapata mzigo wa pili. Jina ndilo lililokuwa dhamana. Simu imefupisha safari ya fedha ikawa ya sekunde chache, lakini safari ya kujenga jina haijafupika kwa kiasi hicho, na hapo ndipo wauzaji wengi wa mtandaoni wanapokwama.

Mwaka 1970 mchumi wa Kimarekani George Akerlof aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Hoja yake ataielewa upesi yeyote aliyewahi kununua belo la mtumba likiwa limefungwa. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, anatoa bei ya wasiwasi, bei ya katikati. Mwenye gari zima anaona anapunjwa, anajiondoa. Wanaobaki sokoni ni wenye mabovu, wasiwasi unaongezeka, bei inazidi kushuka. Tapeli wa mtandaoni, kwa hiyo, hamwibii mteja mmoja tu. Anamwibia pia kila muuzaji mwaminifu, kwa sababu mteja aliyetapeliwa jana anapoiona picha yako leo, anaitazama kwa jicho la yule aliyemtapeli. Muuzaji anayelalamika kwamba watu wanaangalia tu hawanunui, mara nyingi analipa deni la mwenzake.

Je, uaminifu unaweza kupimwa kwa fedha? Mwaka 2006 mtafiti Paul Resnick na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwenye mnada wa eBay. Walimchukua muuzaji mzoefu wa postikadi za zamani, mwenye sifa nzuri aliyoijenga kwa muda mrefu, wakamwomba auze kadi zinazofanana kwa akaunti yake ya siku zote, na kwa akaunti mpya zisizo na historia yoyote. Mtu alikuwa mmoja, bidhaa zilikuwa za aina moja. Wanunuzi walikuwa tayari kulipa asilimia 8.1 zaidi kwa jina lililozoeleka. China nayo ilipita njia nyingine. Soko la mtandaoni la Taobao, lililoanzishwa mwaka 2003, lilikabiliwa na wasiwasi huu huu, na Alipay ikaja kuutatua kwa utaratibu ulio rahisi kuueleza: fedha ya mnunuzi inashikwa na mtu wa kati mpaka mzigo upokelewe na uridhiwe. Mteja hamkopeshi tena muuzaji asiyemjua. Kwetu, biashara inayofanyika kwenye kurasa za picha na makundi ya WhatsApp kwa kawaida haina mtu huyo wa kati.

Tunachokifanya badala yake ni kubahatisha kwa akili. Ndani ya jiji, bodaboda amegeuka kuwa mtu wa kati: mzigo unafika mlangoni, mteja anaukagua, anaupima, analipa. Nguvu ya "lipa ukipokea" ni kwamba inafuta mkopo kabisa. Kwa mteja wa mikoani njia hiyo ni ngumu, kwa hiyo anatafuta ishara ndogondogo. Anapotaka kutuma fedha, jina la mpokeaji linajitokeza kwenye simu kabla hajathibitisha, na hapo anasita. Ukurasa unaitwa kwa jina la dada fulani na madera yake, jina lililojitokeza ni la mwanamume asiyetajwa popote. Huenda ni mume, huenda ni kaka, huenda ni laini iliyosajiliwa miaka mingi iliyopita. Mteja hana namna ya kujua. Muuzaji aliyechukua Lipa Namba yenye jina la biashara yake, lile lile lililo kwenye ukurasa, ameshajibu swali ambalo mteja angeona aibu kuliuliza.

Kuna tabia nyingine inayoharibu imani, nayo tumeizoea hata hatuioni. Picha imewekwa, dera jekundu limening'inizwa kwenye hanga, chini yake yameandikwa maneno "mzigo mpya umeingia, mikoani tunatuma". Mtu anauliza, "Bei gani dada?" Anajibiwa, "Njoo inboksi mpenzi." Wa pili anauliza, anaitwa inboksi. Wa tano naye anaitwa inboksi. Wauzaji wana sababu zao: hawataki washindani waone bei, na wanaamini mteja akishaingia kwenye mazungumzo hatoki mikono mitupu. Lakini mteja anasoma kitu kingine. Anahisi bei itategemea jinsi anavyoonekana, picha yake ya wasifu, Kiswahili chake, mtaa anaokaa. Kariakoo kwenyewe bei inasemwa kwa sauti, kisha ndipo watu wanapatana. Kuificha kabla hata ya mapatano kuanza ni kumwomba mtu akukopeshe huku umemficha masharti ya mkopo.

Atasimama mtu aseme: haya yote ni mazuri, lakini bila wafuasi wengi hakuna atakayekuona, na biashara ni hesabu, ukionwa na watu elfu kumi watanunua mia. Hoja hiyo ina ukweli wake, hasa kwa mwanamuziki au mwigizaji ambaye jina lake lilikwishajengwa redioni na kwenye televisheni kabla hajauza sabuni ya kwanza. Kwa mtu wa kawaida, wafuasi ni mali ya kampuni yenye mtandao, si yake. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itawaonyesha watu zaidi machapisho ya ndugu na marafiki, na yale ya biashara yatapungua. Uamuzi mmoja uliofanywa California ukawapunguzia watazamaji wafanyabiashara waliokuwa wametumia miaka kuwakusanya. Linganisha na WhatsApp, ambako ukituma tangazo moja kwa orodha ya watu wengi, linamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wengi wanaona hilo ni kero ya kiufundi. Mimi naliona ni kipimo cha haki kuliko hesabu ya wafuasi, kwa sababu mtu hahifadhi namba ya muuzaji kwa bahati mbaya. Kabla ya simu za kisasa, winga wa Kariakoo alikuwa ameshaijua siri hii. Hana duka, hana mzigo, pengine hana hata meza. Ana wateja wanaompigia wao wenyewe, na wenye maduka wanaomwamini kiasi cha kumwachia bidhaa atoke nayo kwenda kumwonyesha mnunuzi.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wauzaji, nao wana haki ya kusikilizwa. Wanasema uaminifu unadaiwa upande mmoja tu. Mteja anaagiza viatu, bodaboda anatoka katikati ya jiji mpaka Mbagala, akifika simu inaita haipokelewi, au inapokelewa na sauti inasema, "Samahani bosi, nimebadilisha mawazo." Nauli ya kwenda na kurudi inamwangukia mwenye mtaji wa mkopo wa kikoba, na faida ya viatu vitatu imekwisha barabarani. Kumwambia mtu huyu awaamini wateja wote ni kumdhihaki. Kilicho cha busara ni kuugawa mkopo: mteja atangulize nauli, muuzaji atangulize mzigo, thamani ya bidhaa ilipwe baada ya kukaguliwa. Kila mmoja ameweka kitu rehani, na asiye na nia anajitoa mapema bila kumtia mwenzake hasara. Kwa mzigo wa mikoani, oda ya kwanza iwe ndogo. Ndivyo mali kauli ilivyoanza siku zote. Hakuna aliyepewa shehena siku ya kwanza.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya serikali. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, na ndani yake mna sehemu ya kumlinda mlaji. Ni vizuri iwepo. Lakini hakuna anayekwenda mahakamani kudai dera, na nauli ya kuifuatilia kesi ni kubwa kuliko dera lenyewe. Sheria inaweza kumtisha tapeli wa mamilioni. Tapeli mdogo anayebadilisha jina la ukurasa kila mwezi anadhibitiwa na wateja wanaoambiana.

Na kama jina ndilo mtaji, basi ni kosa kuliweka jina hilo mahali pamoja. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Nchini Uganda, Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ilifungiwa, na aliyekuwa na wateja wake wote humo aliachwa akitafuta njia za kuzunguka au kuanza upya kwingine. Muuzaji mwenye daftari la kawaida, lenye jina la mteja, namba yake, saizi anayovaa na rangi asiyoitaka, alikuwa na uwezo wa kupiga simu kesho yake asubuhi. Daftari hilo nalo ni amana: taarifa za watu zina sheria yake Tanzania tangu mwaka 2022, na mteja akigundua namba yake imegawiwa kwa wauzaji wengine, mkopo wake wa imani anaufunga palepale.

Linabaki swali la ukuaji. Duara la wanaokuamini likiwa dogo, utawezaje kupanuka? Mwanasosholojia Mark Granovetter, katika makala yake ya mwaka 1973, aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu fulani walikuwa wakionana naye mara ngapi. Waliosema mara kwa mara walikuwa wachache. Wengi walitaja mtu wanayekutana naye mara moja moja, wengine mtu ambaye hawaonani naye kabisa isipokuwa kwa nadra. Marafiki wa karibu wanajua yale yale unayoyajua, ilhali mtu wa mbali kidogo anakufikisha kwenye duara jingine. Kwa muuzaji wa madera, mtu huyo wa mbali kidogo mara nyingi ni mteja aliyeridhika, ambaye hatamwona maishani. Mzigo umeshushwa kwenye basi Sumbawanga, yule mama ameufungua, dera ni lile lile la kwenye picha na pindo halijafumuka. Jumamosi anakwenda nalo harusini, anapiga picha, anaiweka kwenye stetasi, ambako itakaa saa 24 na kuonwa na wenye namba yake: wifi, mwalimu mwenzake wa zamani aliyehamia Mpanda, fundi cherehani, mwenyekiti wa kikoba. Kabla hajalala ameshapata ujumbe wa kwanza kutoka Mpanda: "Shoga, umelitoa wapi hilo?" Naye anamtumia namba ya muuzaji.