"SHEIKH, MIMI NACHAMBUA": JIBU KWA WANAOUPA MKEKA JINA LA ELIMU

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Juzi baada ya swala ya Isha hapa Bukoba, kijana wa bodaboda kutoka Muleba alinifuata nje ya msikiti. Amekula hesabu ya siku tatu ya tajiri wake, pikipiki inataka kuchukuliwa, akaomba nikamwombee muda. Nikamuuliza pesa imekwenda wapi. Akajibu: "Sheikh, mimi sibahatishi kama wenzangu. Mimi nachambua."

Uchambuzi wenyewe ni wa kikapu cha Marekani, NBA. Timu iliyocheza jana na leo inacheza tena imechoka. Mpinzani wake amepumzika siku mbili. Basi yeye anaweka dau kwa aliyepumzika, tena kwa handikapu: timu ikiwekewa 6.5, kushinda tu hakutoshi, lazima ishinde kwa pointi 7 au zaidi ndipo mkeka upite.

Wapo hata watu wazima wanaomuunga mkono, wakisema uchambuzi ni elimu na elimu si kamari. Leo nawajibu.

KWANZA: Elimu hiyo si yako peke yako. Kila timu ya NBA inacheza mechi 82 kuanzia Oktoba hadi Aprili, na ratiba hutangazwa Agosti. Ni kweli mchovu hucheza chini ya aliyepumzika. Lakini mwenye kampuni ya kubeti anayo ratiba hiyo hiyo. Timu ambayo angeiwekea 4.5, ikikutana na mchovu anaiwekea, kwa mfano, 6.5. Uchovu umeshahesabiwa kabla wewe hujanunua bando. Na wapo wanaojua usiyoyajua. Aprili 2024 NBA ilimfungia maisha Jontay Porter wa Toronto Raptors kwa kumpa mcheza kamari habari za siri za afya yake, na kujipunguzia muda uwanjani ili madau yapite. Wewe uko kijiweni Muleba, utamchambua nani?

PILI: Twende kwenye hesabu, maana unasema wewe ni mtu wa hesabu. Dau la handikapu mara nyingi hulipa karibu 1.90. Weka shilingi 1,000 mara 100, umetoa 100,000. Ukipatia nusu, yaani mara 50, unarudishiwa 95,000. Umepatia nusu na bado umeliwa 5,000. Ili upate faida lazima upatie mara 53 katika kila 100, tena miaka nenda rudi, na kodi ya ushindi bado haijakatwa. Mwenye kampuni hana haja ya kujua nani atashinda. Yeye anakula katika ile 0.10.

TATU, na hili ndilo kubwa: Hata ungepatia mara 90, bado ni haramu. Soma Surat al-Maida, aya ya 90 na 91. Allah ameitaja kamari pamoja na pombe, akaihesabu katika uchafu wa kazi za shetani. Hakumtoa mwenye kuchambua. Utasema kampuni zinalipa kodi na kudhamini michezo. Wafasiri wanaeleza kwamba Waarabu wa zama za ujinga walichinja ngamia, wakapiga kura kwa mishale, aliyeshindwa akalipa, na nyama wakawapa masikini. Katika al-Baqara, aya ya 219, Allah amekiri kuna manufaa kwa watu, lakini dhambi yake ni kubwa zaidi. Ikiwa nyama ya masikini haikuihalalisha, jezi itaihalalishaje? Na leseni ya serikali haigeuzi haramu kuwa halali.

NNE: Tazama saa. Mechi nyingi za huko kwetu huanza kuanzia saa tisa za usiku, theluthi ya mwisho ya usiku, wakati waja wema wanasimama kuomba. Wewe umesimama na simu, unahesabu siku za mapumziko za mtu wa Denver, na mwili wako mwenyewe haujalala. Alfajiri inakupita. Saa mbili unapakia mama mwenye mtoto kwenye pikipiki, macho mekundu. Msimu wa senene wapo wanaokesha na taa na mapipa, asubuhi wanauza, wanakula halali. Kukesha si aibu. Uliza unakesha na nini.

Na wewe mzee mwenye fremu uliyoipangisha kibanda cha kubeti, kisha Ijumaa unakaa safu ya kwanza: kodi unayopokea imetoka kwenye hesabu ya yule kijana. Usiseme "mimi nimepangisha tu." Kusaidiana katika dhambi ni dhambi.

Kijana wangu, kikapu si haramu. Chukua mpira, cheza, jasho likutoke. Futa akaunti leo. Hesabu ya watu uilipe kidogo kidogo, wala usiifukuzie kwa mkeka mwingine, maana hapo ndipo wengi walipozama. Mimi nimekwenda kwa tajiri wake, amempa wiki mbili. Ameyasema mbele yangu: akisikia mkeka tena, pikipiki inaondoka.

Allah atutosheleze kwa halali Yake, atuepushe na haramu Yake. Aamiin.

Wallahu a'lam. Mfikishie mwenzako anayesema anachambua.