Kitoweo kiwe ndicho chakula

Yai moja la kuchemsha limepondwa kwa uma na kuwekwa kwenye kisahani cha chai. Mlaji anachota kwa kijiko kidogo, anatafuna mpaka yai linakuwa uji mdomoni, anameza, anangoja. Dakika 20 zinapita na nusu bado ipo. Shemeji yake anamsogezea bakuli la wali: "Kula bwana, utakwisha!"

Huo ndio mlo wa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito majuma machache yaliyopita. Katika upasuaji wa aina hiyo unaofanywa zaidi duniani, daktari huondoa asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa tumbo na kuacha kijimfuko chembamba mfano wa ndizi. Aina nyingine, ambayo chimbuko lake ni kazi ya Dk. Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, miaka ya 1960, humwachia mtu kifuko cha mililita 30 hivi. Hivyo ni vijiko viwili vya mezani.

Vijiko viwili vijazwe nini? Wataalamu wa lishe wanataka protini itangulie, gramu 60 hadi 80 kwa siku, ili mwili unapopungua usile misuli yake wenyewe. Hapa ndipo mazoea yetu yanapogongana na kisu cha daktari. Kwetu chakula ni ugali, wali au ndizi. Samaki na maharage ni kitoweo, vitu vya kusindikizia. Kwa mtu huyu msindikizwaji anapaswa kukaa pembeni. Akianza na matonge mawili ya ugali ameshiba, na protini haijaonja mlango.

Habari njema ni kwamba dawa iko sokoni. Mgonjwa aliyekabidhiwa karatasi inayotaja tofu na poda za bei mbaya asikate tamaa. Mayai mawili yana gramu 12 hivi za protini, glasi ya mtindi 8, nusu kikombe cha maharage yaliyoiva 7, na kipande cha samaki cha gramu 100 hupita 20. Hapo anakaribia 50, na dagaa waliosagwa wakatiwa kwenye mchuzi watamfikisha. Bila shaka haviliwi vyote siku ya kwanza: huanza vya majimaji, vikafuata vilivyopondwa, kisha laini, na vigumu huja baada ya mwezi mmoja na nusu au miwili. Nyama choma ngumu na mkate laini hukwama kirahisi, nao ugali vilevile.

Kinachowashinda wengi, hata hivyo, ni kikombe. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Husubiri nusu saa, kisha hunywewa kwa mafunda madogo mchana kutwa. Chai ya sukari nyingi, soda na juisi ya miwa vinaweza kupita haraka mno mpaka utumboni, hasa kwa wenye kile kifuko kidogo: jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, tumbo linamwendesha. Chai pia huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, na mtu huyu tayari yumo hatarini kupungukiwa chuma na vitamini B12. Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha, pamoja na vipimo vya damu. Kuviacha kwa sababu "uzito umeshashuka" kunaweza kuleta upungufu wa damu na ganzi miguuni.

Mgonjwa hawezi kubeba haya peke yake huku sufuria ya nyumbani ikibaki ileile na kila mgeni akihesabu matonge yake. Kliniki zinazotoa huduma hii ziulize mapema nani anashika mwiko nyumbani kwake, na mtu huyo aitwe akae na mtaalamu wa lishe kabla tarehe ya upasuaji haijapangwa.