Wifi ikikatika ukichomoa chaja, usikubali haraka mashini yako ifutwe

Leo nataka tuzungumzie jambo dogo linalowapotezea watu vitu vikubwa. Hapa kwetu Kivu kuna kompyuta za mkononi zinazoshika wifi vizuri zikiwa kwenye moto, lakini ukichomoa chaja tu, wifi inakuwa nzito au inakatika kabisa. Mwenye mashini anaipeleka kwa fundi. Fundi anasema Windows imeharibika, lazima kufomati. Anafuta yote, anaweka Windows upya, anapokea franga zake. Ukirudi nyumbani na kuchomoa chaja, wifi inaweza kukatika tena kama mwanzo.

Maoni yangu ni haya: kufuta mashini kuwe dawa ya mwisho, si ya kwanza. Kwa familia iliyokimbia vita, mashini moja inaweza kuwa imebeba picha za vyeti vya watoto, karatasi za kiwanja na sura za wazee waliobaki kijijini. Kama karatasi zenyewe ziliungua pamoja na nyumba, ukifuta picha zake umefuta ushahidi wa mwisho.

Basi tuanze kwa kutafuta kosa liko wapi. Moto wa mtaa ukikatika, mashini inaingia kwenye betri, lakini ruta isiyo na betri yake inazimika palepale. Hapo mashini haina kosa. Ili kujua ukweli, chomoa chaja wakati moto upo, ukae palepale, na uweke simu kando yake kwenye wifi ileile. Simu nayo ikikosa, shida ni ya ruta au mtandao. Simu ikipata na mashini ikikosa, shida iko kwenye mashini.

Mara nyingi shida hiyo ni mpango wa kubana betri. Mashini ikiwa kwenye betri, kadi ya wifi inaweza kulala kwa muda mfupi sana, ikaamka kusikiliza ruta, ambayo kwa kawaida hutoa ishara yake karibu mara 10 kwa sekunde, kisha ikalala tena. Kadi na ruta zisipopatana vizuri katika kulala huko, wifi inasuasua.

Kwenye Windows ya Kifaransa, fungua «Gestionnaire de périphériques», kisha «Cartes réseau». Bonyeza mara mbili jina la kadi ya wifi, nenda kwenye «Gestion de l'alimentation», na uondoe alama kwenye mstari unaoruhusu mashini kuzima kifaa hicho ili kubana umeme. Halafu tafuta «Options d'alimentation», ufungue mipangilio ya ndani hadi «Paramètres de la carte sans fil», na upande wa betri uchague «Performances maximales». Kwenye mashini nyingine mpya sehemu hizo hazionekani. Hapo jaribu kwanza kuzima kibana-betri, ambacho kwenye Windows 10 kwa kawaida hujiwasha betri ikibaki asilimia 20, kisha uweke programu mpya ya kadi kutoka kwa kampuni iliyotengeneza mashini.

Ndiyo, betri itaisha mapema kidogo, na sisi tunaolipia kuchaji tunajua maana yake. Kwa hiyo siku usiyohitaji intaneti, rudisha mpango wa kubana. Lakini mtoto anayejiandikisha masomo, au mama anayetafuta habari za jamaa yake, afadhali apate nusu saa ya wifi inayoshika kuliko saa nzima ya wifi inayokatika.

Kwenu mafundi vijana: najua kufomati ni kazi ya haraka, na mnatafuta chakula kama sisi wote. Lakini muulize kwanza mteja ana nini ndani ya mashini, na mumwonyeshe mnachofanya. Mpangilio wa dakika 5 nao ni kazi, unastahili malipo, na mteja aliyehifadhiwa vitu vyake atarudi kwenu.

Na wewe mwenye mashini, kabla ya kuiacha kwa fundi, nakili picha na karatasi zako kwenye flashi mbili. Moja ubaki nayo, nyingine umpe ndugu unayemwamini anayelala nyumba nyingine.