Vichekesho vya Shuleni: Tuulize Kicheko Kinamwangukia Nani

Shule zinapofunga, watoto wa askari hurejea kambini na katika makazi ya polisi, na swali moja hurejea pamoja nao: watazame nini? Miongoni mwa picha zinazowavutia vijana wa umri wao ni vichekesho vya Kimarekani vinavyosimulia maisha ya shule ya sekondari. Humo mna wanafunzi watoro, walimu wakali, wasichana wanaosengenyana, na wavulana wanaotaka kuonekana wanaume kabla ya wakati wao. Mzazi aliye nyumbani anaweza kuketi na kutazama pamoja nao. Mzazi aliye lindoni, katika doria au ng'ambo ya mpaka hawezi. Yeye hulitegemea neno la mtu aliyeitazama picha hiyo kabla yake, yaani mhakiki.

Kwa hiyo si jambo dogo kuuliza kile ambacho mhakiki anayewaandikia wazazi anapaswa kuwaambia. Sisi tunaona kwamba tahakiki nyingi za namna hiyo huhesabu mambo yaliyo rahisi kuhesabika, na kuliacha lililo kubwa. Huhesabu matusi, mabusu, sigara na chupa za pombe. Ni mara chache huuliza kicheko chenyewe kinamwangukia nani.

Utaratibu wa alama unaotumika Marekani ulianza tarehe 1 Novemba, 1968, chini ya chama cha makampuni makubwa ya sinema, ambacho wakati huo kiliongozwa na Jack Valenti. Kabla ya hapo sinema zilibanwa na kanuni iliyotaja mambo yaliyokatazwa. Utaratibu mpya uliwapa wazazi alama ili waamue wenyewe. Katika vichekesho vya shule, alama tunazokutana nazo zaidi ni tatu. PG humshauri mzazi awaongoze wanawe. PG-13 ni onyo kali zaidi, kwamba mna mambo yasiyowafaa walio chini ya miaka 13. R humzuia aliye chini ya miaka 17 kuingia ukumbini bila ya mzazi au mlezi wake. Wanaozitoa alama hizo nao ni wazazi, na nia yao ni njema. Hatuwabezi. Lakini alama hupima kiasi cha jambo, wala haina uwezo wa kupima maana yake.

Tutoe mfano. Mwezi wa Mei, 1984, ilitoka picha iitwayo Sixteen Candles, iliyoandikwa na kuongozwa na John Hughes. Inamhusu Samantha, msichana anayetimiza miaka 16 siku ambayo jamaa zake wote wameshughulika na harusi ya dada yake, hata wakaisahau siku yake ya kuzaliwa. Ni kisa chenye huruma, na kila mzazi mwenye watoto wengi na kazi nyingi atajiona ndani yake. Picha hiyo ilipewa alama ya PG. Alama ya PG-13 ilikuwa bado haijaanzishwa. Ilikuja mwezi wa Julai mwaka huohuo, baada ya wazazi kulalamikia ukatili uliomo katika Indiana Jones and the Temple of Doom na katika Gremlins.

Mzazi aliyeisoma alama ya PG peke yake alikuwa na haki ya kudhani kwamba humo hamna la kutisha. Hebu tutazame alichokosa kuambiwa. Yumo mwanafunzi mgeni kutoka Asia. Anapotokea, upatu hulia ili watazamaji wajue kwamba wakati wa kucheka umefika. Kosa lake ni kuwa mgeni na kusema Kiingereza kwa lafudhi yake. Yumo pia msichana aliyelewa hadi hajijui, ambaye mpenzi wake anamkabidhi kwa mvulana mwingine ampeleke nyumbani kwa gari. Asubuhi wote wawili hawakumbuki sawasawa lililotokea usiku, na watazamaji wanaalikwa kulichekea jambo hilo.

Askari polisi anayesoma makala haya amekwisha kuandikisha maelezo ya wasichana wenye kisa cha namna hiyo, naye anajua kwamba mbele ya meza yake hakuna aliyecheka. Vivyo hivyo mwanajeshi aliyekwenda Somalia, ambako majeshi yetu yalianza kutumwa mwaka 2007, anajua maana ya kuwa mgeni mwenye lafudhi katika nchi ya watu. Je, angependa mwanawe afunzwe kwamba mgeni ni wa kuchekwa?

Mwaka uliofuata, yaani 1985, Hughes huyohuyo alitoa The Breakfast Club. Wanafunzi watano wanaadhibiwa kwa kuzuiliwa shuleni Jumamosi kutwa, chini ya naibu mkuu wa shule asiyewapenda. Picha hii ina matusi mengi, na wanafunzi wanavuta bangi. Ilipewa alama ya R, na baba mwenye kufuata alama angeizuia bila ya kufikiri mara mbili. Lakini kadiri saa zinavyokwenda, mzaha unapungua na vijana wanaanza kusema ya nyumbani kwao. Mmoja ana kovu la kuchomwa na baba yake kwa sababu alimwaga rangi. Mwingine, mpiga mieleka, alimdhalilisha mwenzake dhaifu ili baba yake amwone mwanamume. Wa tatu, mwenye akili za darasani, alifeli kazi moja ya mikono, akaingiza bastola ya ishara shuleni akiwa na mawazo ya kujiua. Sisi tunaofahamu silaha ni nini, tena tunaowataka wanetu wawe wa kwanza katika kila jambo, tunapaswa kukisikiliza kisa hicho kwa makini.

Hatusemi kwamba picha hiyo ni safi. Mna tukio ambalo mvulana aliyejificha chini ya meza anamdhalilisha msichana. Mwigizaji wa nafasi ya msichana huyo, Molly Ringwald, ndiye aliyekuwa pia Samantha wa mwaka 1984. Mwaka 2018 aliandika katika gazeti la The New Yorker jinsi alivyoitazama The Breakfast Club pamoja na binti yake wa miaka 10, na jinsi tukio hilo lilivyomsumbua baadaye. Aliyarejea pia mambo ya Sixteen Candles. Hakuzikana picha zake, kwani alitambua kwamba ziliyachukulia maumivu ya vijana kwa uzito ambao wengine hawakuwapa. Lakini alikataa kuyafumbia macho mabaya yake. Huo, kwa maoni yetu, ni uhakiki wa mzazi. Ameketi na mwanawe, ameona, ametaja jema kwa jina lake na baya kwa jina lake.

Hapa tunatarajia pingamizi kutoka kwa wenzetu wenye sare. Watasema kwamba hatari kubwa ya vichekesho vya shule ni kuidharau mamlaka. Sisi tuliolelewa katika nidhamu, watasema, tutawezaje kuwaacha watoto wamcheke mkuu wa shule? Pingamizi hilo lina uzito, na picha inayolistahili kuliko zote ni Ferris Bueller's Day Off ya mwaka 1986, kazi nyingine ya Hughes. Kijana Ferris anajifanya mgonjwa, anawadanganya wazazi wake, kisha anaranda Chicago kutwa nzima na marafiki wawili. Mwalimu wa nidhamu, Rooney, anamwinda kila mahali bila ya mafanikio, na Ferris anarejea kitandani bila ya wazazi wake kugundua lolote.

Ni kweli kwamba uongo wa Ferris haupati adhabu, na mzazi asione haya kumwambia mwanawe hivyo. Lakini tumtazame Rooney kwa jicho la askari. Ameacha shule nzima ili amfuate mtoro mmoja. Ameingia katika nyumba ya watu bila ya idhini. Msako huo anaufanya kwa ajili ya fahari yake iliyojeruhiwa, na wajibu wake amekwisha kuusahau. Afisa wa namna hiyo tungemchekea wapi, kama si katika kichekesho? Mwenye cheo anayekiheshimu cheo chake hapungukiwi na kitu Rooney anapochekwa. Anafunzwa asiwe kama yeye.

Na moyo wa picha hiyo uko kwa rafiki wa Ferris, kijana Cameron, mwenye hofu ya kudumu. Baba yake ana gari la fahari aina ya Ferrari, ambalo halipeleki popote. Analipangusa tu na kulitazama. Mwishoni Cameron analipiga gari hilo mateke kwa hasira, nalo linachomoka kwenye kioo cha banda na kuporomoka bondeni. Ferris anajitolea kubeba lawama. Cameron anakataa. Anasema atamngoja baba yake na kusema naye uso kwa uso. Basi katika picha inayosemekana kufundisha utoro mna kijana anayejifunza kulikabili tendo lake, na baba anayeambiwa kwamba alikipangusa chuma na kumsahau mtoto. Alama ya PG-13 iliyopewa picha hiyo haiwezi kumweleza mzazi lolote kati ya hayo.

Zipo pia picha ambamo kicheko kinamgeukia mwenye kucheka. Mean Girls ya mwaka 2004 iliandikwa na Tina Fey kutokana na kitabu ambacho Rosalind Wiseman aliwaandikia wazazi mwaka 2002. Shujaa wake, Cady, ni binti wa wataalamu wa wanyama aliyekulia Afrika na kuingia shule ya Marekani kwa mara ya kwanza. Msichana mmoja anamwuliza: kama ametoka Afrika, mbona ni mweupe? Hapo ujinga wa mwulizaji ndio unaochekwa. Wasichana wakubwa wa shule wana daftari la siri la kuwachafulia wenzao majina. Cady anaanza kwa kuwachunguza ili awaangushe, na polepole anakuwa kama wao, hata naye anaandika uongo ambao unamponza mwalimu wake. Kurasa zinaposambazwa, shule nzima inaingia vitani. Mwalimu huyohuyo anawakusanya wasichana na kuwataka aliyewahi kusengenywa anyoshe mkono. Mikono inanyoshwa. Kisha anamtaka aliyewahi kumsengenya rafiki yake anyoshe. Mikono inanyoshwa tena. Wahenga walisema: mzaha mzaha, hutumbua usaha.

Kwetu Uganda kuna jambo jingine linaloziondolea nguvu hesabu za wahakiki wa ng'ambo. Katika vibanda vya video na katika nakala zinazouzwa mitaani, picha nyingi za kigeni husimuliwa kwa Kiganda na wafasiri ambao watu huwaita VJ. Mfasiri hodari haishii kwenye kufasiri. Huongeza mizaha yake, huwapa wahusika majina ya hapa, na humcheka amtakaye. Mhakiki wa Marekani amehesabu matusi matano. Mfasiri anaweza kuyaondoa yote na kutia kumi ya kwake, au akaugeuza mzaha uliomwangukia mjeuri ukamwangukia mnyonge. Zaidi ya hayo, siku hizi mtoto hana haja ya ukumbi wala kibanda. Simu ya mkononi inamtosha, na mlinzi wa lango hayupo.

Kutokana na hayo tunapendekeza kwamba kila anayewaandikia wazazi kuhusu picha hizi ajibu mambo matatu kabla ya kutoa hesabu yake. Kwanza, katika picha hii nani anachekwa: mwenye nguvu anayeitumia vibaya, au mnyonge asiyeweza kujitetea? Pili, anayekosea hupata kuuona uso wa aliyemkosea, au picha inakwisha akiwa anacheka? Tatu, wazazi waliomo ndani yake ni watu wa namna gani, nasi tunafanana nao wapi? Matusi na yahesabiwe baada ya hapo, kwani nayo yana umuhimu wake.

Na kwa mzazi aliye mbali kikazi tunapendekeza jambo jepesi. Akipiga simu nyumbani, asiishie kuuliza kama watoto wamekula na kama wamesoma. Amwulize mwanawe ametazama picha gani, na ni wapi alipocheka zaidi. Kisha amwulize kama yule aliyechekwa naye alikuwa akicheka. Mtoto atakayelijibu swali hilo kwa ukweli amekwisha kuanza kujifunza uhakiki, hata kama baba au mama yake yuko maili mia tano kutoka hapo, na zamu yake haijaisha.