Safari ya Rwindi: Tulichohesabu Njiani

Wiki hii tunataka kuwachukua katika safari. Njia ni ile itokayo Goma, ikapita Rutshuru na Rwindi, ikapanda milima ya Kabasha hadi Kanyabayonga. Tuliipita mara ya kwanza mwaka 1974, tungali watoto wawili, katika kamioni ya baba yetu aliyekuwa akichukua bidhaa na kurudi na samaki. Tuliipita tena mwaka 2006, nasi tukiwa na watoto wetu. Kati ya safari hizo mbili limo jambo ambalo kila jamaa yapasa ilifikiri.

Tuanze na safari ya kwanza. Tulitoka Goma kabla ya mapambazuko, na baridi ilikuwa kali, kwa maana mji ule u juu, karibu meta 1,500. Mkono wa kushoto tuliona Nyiragongo, na wingu lililo juu yake limekuwa jekundu kwa moto wa ndani. Mkono wa kuume palisimama Mikeno, mlima uliochongoka kama jino, wenye meta 4,437. Baba akatuambia: “Wanangu, leo msilale. Njia hii haina mfano.”

Baada ya kilometa kama 70 tukafika Rutshuru. Kisha nchi ikashuka, milima ikasogea mbali, joto likaingia katika kamioni, na mbele yetu ikafunguka mbuga ya majani hata macho yakachoka. Hapo ndipo parki. Iliundwa tarehe 21 Aprili 1925, ikaitwa Parki ya Albert. Tangu mwaka 1969 inaitwa Parki ya Taifa ya Virunga. Nayo ndiyo parki ya taifa ya kwanza katika Afrika nzima.

Nyama wa kwanza tuliowaona walikuwa kobi, wekundu, wa kimo cha mbuzi mkubwa. Madume walisimama mmoja mmoja, kila mmoja katika kiwanja chake kidogo, kama mwenye duka mlangoni pake. Baadaye tukaona nyamera wenye mapaja meusi na miguu ya manjano, mbogo waliotukazia macho bila kusogea, na ngiri waliokimbia na watoto wao mikia imesimama wima. Ndugu yetu mdogo alikuwa akitafuta twiga na punda milia, kwa kuwa aliwaona katika kitabu cha shule. Baba akacheka, akamwambia kwamba katika parki hii hawapo. Simba nao wapo, lakini siku ile hatukuwaona. Tuliona tumbusi tu, wakizunguka juu ya mahali ambapo labda simba alikuwa amekula.

Tulipofika kwenye mto Rutshuru, baba akasimamisha kamioni. Viboko walikuwa wamejaa majini, mgongo kwa mgongo. “Hesabuni,” akatuambia. Tukahesabu mpaka 112, kisha tukapotea, maana huyu akizama, yule anaibuka. Wakati ule, katikati ya miaka ya 1970, parki ilikuwa na viboko zaidi ya 25,000.

Kutoka Rwindi tuliiacha njia kuu, tukashuka hadi Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kwenye ziwa Edward. Korongo wakubwa wenye vichwa vya upara walitembea katikati ya mama waliokuwa wakipasua samaki, bila kuogopa mtu. Wakati samaki wanapakiwa, mzee mmoja mvuvi alituketisha kando ya mtumbwi wake. “Mnaona kiboko?” akauliza. “Huyu ni mkulima wetu. Usiku anapanda nchi kavu kula majani; mchana anarudi majini na kuyatoa mavi yake. Mavi yale yanalisha ziwa, ziwa linalisha samaki, samaki wanawalisha ninyi.” Tulicheka sana kwa neno lile la mavi. Lakini mzee alisema kweli. Kiboko mmoja huweza kula kilo kama 40 za majani kwa usiku mmoja, na mbolea yake hukuza mimea midogo sana ya majini, ambayo tilapia huila.

Jioni tukapanda Kabasha. Barabara inajipinda na kujipinda, na kila pindo mbuga inazidi kuonekana chini, na ziwa likimetameta kwa mbali. Huko juu baridi ilirudi, pamoja na mashamba ya maharagwe na viazi.

Sasa safari ya pili. Katika vita vilivyoanza miaka ya 1990 watu wenye bunduki walikuwa wameingia parki. Waliua tembo kwa ajili ya pembe, na viboko kwa ajili ya nyama na meno. Hesabu ya mwaka 2005 haikufika viboko 1,000 katika parki yote. Tuliposimama mtoni, mahali pale pale pa baba yetu, tuliwaambia watoto wahesabu. Wakahesabu watatu. Wavuvi nao walilalamika kwamba samaki ni wachache na wadogo. Sababu si moja: mitumbwi ilikuwa imezidi, na nyavu zilikuwa za matundu madogo, lakini mkulima wa ziwa naye alikuwa ameuawa.

Jioni ile, huko juu mlimani, mama mmoja alikuwa akiuza nyama ya kukausha kwa moshi. Bei ilikuwa ndogo, na watoto walikuwa na njaa. Tukanunua bila kuuliza. Binti yetu akauliza: “Baba, ni nyama gani?” Tukajibu: “Ni nyama tu.” Katika lugha yetu neno ni moja kwa yule anayetembea na kwa ile iliyo katika sahani, nasi tulijificha nyuma ya neno hilo. Mtoto akafikiri kidogo, akauliza tena: “Ni mmoja wa wale watatu?”

Hatukuwa na jibu. Tena hatutawadanganya: tulikula, maana fedha ilikuwa imekwisha kutoka. Lakini tangu siku ile hatununui tena nyama ya pori.

Wasomaji wapenzi, twajua kwamba njaa ni kali, na kwamba tembo huharibu mashamba ya maskini wakaao kando ya parki. Aliyeua kwa bunduki ana kosa kubwa kuliko mama aliyeuza. Lakini bila mnunuzi biashara ile haisimami, na mnunuzi alikuwa sisi. Kuna hatari nyingine pia: mwezi wa Aprili 2025 ugonjwa wa kimeta uliua viboko wasiopungua 50 katika parki hii, na nyama ya mnyama aliyekufa kwa kimeta yaweza kumwua mlaji.

Hata hivyo yote hayajapotea. Kabla ya ugonjwa huo viboko walikuwa wameanza kuongezeka, na mwaka 2020 mamia ya tembo walivuka kutoka Uganda, wakaingia katika mbuga zetu. Walinzi wa parki zaidi ya 200 wamekufa kazini, nao wameacha wajane na yatima.

Njia hiyo imefungwa na kufunguliwa mara nyingi kwa sababu ya vita. Asiwepo mtu wa kuifuata bila kuuliza habari kwanza. Lakini siku itakapokuwa salama, mkifika mto Rutshuru, simamisheni gari kidogo, mwaambie watoto wahesabu. Kisha tuandikieni walifika ngapi.