Kati ya Wangapi?

DAFTARI LA MWALIMU MTARAJIWA



Toleo lililopita niliahidi kuandika juu ya majina ya maumbo kwa Kiswahili. Naomba radhi, ahadi hiyo naiahirisha, kwa sababu nina habari ya kuwaeleza. Mtihani wa kupata leseni ya kufundisha hisabati niliufanya, na sikufaulu. Nilipungukiwa alama chache tu, lakini mlango huu haufunguliwi nusu. Nitaurudia Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Nikishindwa tena, muhula ujao wenzangu watapelekwa shuleni kufanya mazoezi ya kufundisha, nami nitabaki hapa. Ada ya mtihani nitailipa mara ya tatu kutoka kwenye kibarua changu cha maktaba.

Kwa wasioujua, mtihani huo unaitwa Praxis. Una maswali 66 ya kujibiwa kwenye kompyuta kwa dakika 180, na kila jimbo la Marekani linaloutumia hujiwekea alama yake ya kufaulu. Karibu moja ya tano ya maswali ni ya takwimu na uwezekano. Aljebra nilifanya vizuri, jiometri sikuaibika. Takwimu na uwezekano ndiko nilikozama.

Nilijua kuzidisha sehemu tangu shule ya msingi kule Tanga, tena kwa Kiswahili. Sekondari tukahamia Kiingereza kama wanafunzi wengi wa Tanzania, na nikazoea kukariri kanuni bila kuuliza zinasema nini. Kwa hiyo baada ya kushindwa nilifanya nilichokizoea: nilinunua daftari jipya nikakariri kanuni zaidi.

Aliyenizindua ni dada mmoja wa chama chetu, mwenyeji wa Mombasa, ambaye hasomi hisabati bali uuguzi. Alinikuta jikoni pa bweni nimeshika kichwa.

"Hebu nisomee hilo swali kwa Kiswahili," akasema.

Nikaanza: "Mtu mmoja anachaguliwa. Tafuta uwezekano kwamba ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza…"

"Anachaguliwa kati ya wangapi, mdogo wangu?"

"Kati ya wote, dada."

"Mbona hapo wamesema tayari wanajua anakunywa chai? Wanywaji kahawa wanatafuta nini tena kwenye hesabu yako?"

Nikanyamaza. Maneno yake ndiyo somo la leo.

Kila uwezekano ni sehemu. Namba ya juu ni ya wale tunaowataka. Namba ya chini ni ya wote wanaoweza kuchaguliwa. Niliporudia makosa yangu moja baada ya jingine, niliona ya juu nilikuwa naipata mara nyingi. Ya chini ndiyo iliyoniangusha. Na Kiswahili kina swali lake dogo la kuitafuta: kati ya wangapi?

Tuchukue mfano wa nyumbani kwetu. Tuseme jioni ya chama wamekuja watu 40. Wanaoanza Kiswahili ni 25, na kati yao 15 wamechukua chai na 10 kahawa. Waliobobea ni 15. 5 wamechukua chai na 10 kahawa. Kwa hiyo wanywaji chai wote ni 20. Sasa soma maswali haya matatu polepole.

La kwanza: tukimchagua mtu yeyote, kuna uwezekano gani kwamba anaanza Kiswahili na pia anakunywa chai? Kati ya wangapi? Kati ya wote 40. Jibu ni 15/40, yaani 3/8.

La pili: ikiwa tunajua anaanza Kiswahili, kuna uwezekano gani kwamba anakunywa chai? Waliobobea wametoka chumbani. Wamebaki 25. Jibu ni 15/25, yaani 3/5.

La tatu: ikiwa tunajua anakunywa chai, kuna uwezekano gani kwamba anaanza Kiswahili? Sasa waliotoka ni wanywaji kahawa. Wamebaki 20. Jibu ni 15/20, yaani 3/4.

Watu 15 ni walewale mara zote tatu. Kinachobadilika ni waliobaki chumbani. Neno "ikiwa" ndilo linalowatoa wengine nje, na kwenye mtihani majibu yote matatu huwa yamepangwa hapo yakikusubiri ukosee.

Siku ya pili yule dada alinipa mfano wa kazi yake. Chukua watu 1,000, na tuseme 10 kati yao wana ugonjwa fulani. Kipimo kinawagundua wagonjwa 9 katika kila 10, lakini pia kinawasingizia wazima 10 katika kila 100. Mtu amepimwa, kipimo kimesema ana ugonjwa. Kuna uwezekano gani kwamba kweli anao? Mimi nilijibu haraka: 9 kati ya 10. Akanitazama kwa huruma. Nimeanza na wagonjwa, lakini swali limeanza na waliosemwa na kipimo. Wagonjwa waliogunduliwa ni 9. Wazima ni 990, na waliosingiziwa ni 99. Jumla ya waliosemwa na kipimo ni 108, na wagonjwa kweli ni 9 tu. Hiyo ni 1 kati ya 12. Ushauri wangu kwa swali la namna hii: acha asilimia, andika watu. Watu huhesabika, asilimia huchanganya.

Kuna shida nyingine ambayo huenda baadhi yenu mnaijua. Mtihani unadhani kila mtu anazijua karata. Nyumbani kwetu karata zilikuwa haramu kuingia mlangoni. Niliziona kwa mbali tu, wazee wakizipiga barazani. Kama nawe ulilelewa hivyo, shika haya: karata ni 52, za aina nne, kila aina 13. Majina yake tunayo zamani, yametokana na Kireno: kopa, uru, pau na shupaza. Kila aina ina ree moja na karata tatu za picha, kwa hiyo ree ni 4 na za picha ni 12.

Ukitoa karata mbili bila kurudisha, uliza kati ya ngapi kila mara unapotoa. Ree ya kwanza ni 4 kati ya 52. Imeshatoka, kwa hiyo ya pili ni 3 kati ya 51. Zidisha, utapata 1/221. Nilikuwa nasahau kwamba mezani zimebaki 51.

Hapo pia nilijikwaa kwenye neno "au". Mwenyeji akikuuliza "chai au kahawa?" hutarajii kupewa vyote viwili. Kwenye hisabati "au" inakubali vyote. Karata ya kopa au ya picha: kopa ni 13, za picha ni 12, lakini kopa tatu zenye picha umezihesabu mara mbili. Toa 3, zinabaki 22 kati ya 52, yaani 11/26.

Na "angalau moja" isikutishe. Ni rahisi kuhesabu kinyume chake, yaani "hata moja haikutokea", kisha kukitoa kwenye 1. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya michezo ya kamari, na elimu ya uwezekano ikaanza kupata kanuni zake hapo. Swali maarufu la wacheza kamari wa zama hizo ni hili: ukirusha dadu mara nne, kuna uwezekano gani wa kupata sita angalau mara moja? Kukosa sita mara moja ni 5/6. Kukosa mara zote nne ni 625/1296. Kwa hiyo kupata ni 671/1296, zaidi ya nusu kidogo tu.

Sasa takwimu, na hapa ninakiri kosa langu mwenyewe. Kabla ya mtihani nilifanya majaribio matano nyumbani. Nilijiwekea lengo la kupata 70 katika kila 100. Matokeo yalikuwa 62, 64, 66, 68 na 90. Jumla 350, gawanya kwa 5, wastani 70. Nikafurahi, nikalala. Lakini ile 90 ilikuwa ya karatasi niliyokwisha kuifanya mwezi uliotangulia, na maswali nilikuwa nayakumbuka. Ningezipanga namba na kutazama ya katikati, yaani mediani, ningeona 66, na ningejua bado. Namba moja iliyo mbali na wenzake huuvuta wastani, lakini mediani huisogeza kidogo au haiisogezi kabisa. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani karibu lilivyo, nami nililijibu sawasawa. Nilijua kanuni ya kuwapima watu wengine, sikuitumia kujipima mwenyewe.

Neno la mwisho kwa watakaofanya mtihani huu: jibu kosa halipunguzi alama, kwa hiyo usiache swali lolote wazi. Swali lenye majibu manne, ukibahatisha una nafasi 1 kati ya 4. Ukiweza kufuta mawili yasiyowezekana, una 1 kati ya 2. Kufuta nako ni kuuliza kati ya ngapi.

Walimu wetu wa Kiswahili, nina ombi. Baadhi yetu tunasema "uwezekano", wengine "ubahatishaji", na "mediani" wengine huiita "namba ya kati". Mkitupa maneno tutakayoshika sote, nitayatumia kwenye safu hii. Mimi sitaki kufundisha hisabati kwa Kiswahili hapa Marekani, hakuna atakayenielewa. Nataka tu kuendelea kuifikiri kwa Kiswahili, kwa kuwa nimeona inanifaa.

ZOEZI LA TOLEO HILI

1. Mfuko una machungwa 5 na malimau 3. Unatoa matunda mawili bila kuangalia na bila kurudisha. Kuna uwezekano gani wa kupata angalau limau moja?

2. Katika watu 30, 18 wanasema Kiarabu, 12 wanasema Kifaransa, na 5 wanasema zote mbili. (a) Mtu akichaguliwa, kuna uwezekano gani kwamba hasemi hata moja ya lugha hizo? (b) Ikiwa tunajua anasema Kifaransa, kuna uwezekano gani kwamba anasema Kiarabu pia?

3. Mwanafunzi amefanya majaribio manne, wastani wake ni 68. Apate ngapi katika la tano ili wastani uwe 70? Na je, hiyo inatosha kumfanya alale?

Majibu toleo lijalo, pamoja na matokeo yangu, yawe mazuri au mabaya. Anayetaka tusome pamoja, jikoni pa bweni kila Jumatano baada ya kikao cha chama. Chai ipo, na kahawa ipo. Niombeeni.